Kura ni ya Miaka Mitano, Bajeti ni ya Kila Mwaka

Mazungumzo ya elimu kwa raia kwa wakazi wa Roret, Kaunti Ndogo ya Bureti, kuhusu uchaguzi na uwakilishi

  

Mada ni uwakilishi: nani anamsemea mkazi wa Roret, na mkazi afanye nini ili asemewe kweli. Mazungumzo haya hayampigii debe mwaniaji yeyote wala chama chochote. Sheria inamkataza mtumishi wa umma kufanya hivyo, na mwananchi ana haki ya kupata habari za uchaguzi bila kuvutwa upande wowote.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Katiba ya mwaka 2010 imeweka siku hiyo: Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Watu wengi wanaijua tarehe hiyo. Wachache wanajua kwamba kati ya uchaguzi mmoja na mwingine Bunge la Kaunti hupitisha bajeti tano, na kwamba barabara, dawa na maji ya Roret huamuliwa katika bajeti hizo. Mkazi anayepiga kura kisha akanyamaza kwa miaka mitano amefanya nusu ya kazi.

Kiasi kinachozungumzwa si kidogo. Kaunti ya Kericho hupokea zaidi ya shilingi bilioni 6 kwa mwaka kama mgao wake wa mapato ya kitaifa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 901,777 katika kaunti nzima. Ukigawanya, unapata zaidi ya shilingi 6,600 kwa mwaka kwa kila mkazi, kuanzia mtoto mchanga hadi kogo aliye kitandani. Hakuna anayepewa pesa hizo mkononi. Ni wawakilishi wanaokaa na kuamua ziende wapi.

Kura sita, milango sita

Siku ya uchaguzi mpiga kura hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge wa eneo bunge, ya Mwakilishi wa Kike wa Kaunti na ya Mwakilishi wa Wadi, yaani MCA. Kila karatasi ni mlango tofauti, na malalamiko mengi hayajibiwi kwa sababu yamebishwa kwenye mlango usio wake.

Chukua mfano wa mkulima mdogo wa chai. Amechuma asubuhi, amepeleka majani kwenye banda la kupimia, na mvua imenyesha. Lori la kiwanda limekwama kwenye matope. Majani yakilala gunia kwa gunia hadi usiku hupata joto na kuharibika, na kiwanda kina haki ya kuyakataa. Hasara ni ya mkulima. Siku ya pili yuko tayari kumlaumu kila mwanasiasa anayemjua. Swali la kwanza ni hili: barabara ile ni ya nani?

Barabara kuu inayotoka Kericho kwenda Sotik kupitia Litein na Kapkatet ni ya serikali ya kitaifa. Barabara nyingi ndogo zinazoingia vijijini ni za kaunti. Ikiwa ni ya kaunti, anayehusika ni serikali ya kaunti chini ya Gavana, na anayeuliza kwa niaba ya mkulima ni MCA. Ikiwa ni ya kitaifa, inasimamiwa na mamlaka za barabara kama KeNHA na KeRRA, na anayeuliza Bungeni ni Mbunge. Msimamizi wa wadi ndiye wa kuulizwa kwanza, ili mkulima ajue ngazi ya barabara yake kabla ya kuandika barua.

Mambo mengine yanafuata mgawanyo huohuo. Zahanati, vituo vya afya na hospitali kama ile ya Kapkatet ziko chini ya kaunti. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Masoko, maji ya vijijini na mafunzo ya kilimo ni ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na vitambulisho ni vya serikali ya kitaifa. Mzazi anayemlilia MCA kwa sababu shule ya sekondari haina mwalimu wa hisabati atasikilizwa kwa huruma, lakini Bunge la Kaunti halina uwezo wa kumwajiri mwalimu huyo.

Seneta hulinda maslahi ya kaunti Nairobi, na Seneti ndiyo huamua msingi wa kugawa fedha kati ya kaunti 47. Mwakilishi wa Kike wa Kaunti hukaa katika Bunge la Taifa pamoja na wabunge wa maeneo bunge na hupiga kura kama wao.

MCA si diwani

Wazee wengi bado humwita MCA diwani. Jina si tatizo, ila kazi imebadilika. Diwani wa zamani alikaa katika baraza lililokuwa chini ya waziri wa serikali za mitaa. Waziri angeweza hata kulivunja baraza. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, Bunge la Kaunti limekuwa chombo cha kutunga sheria chenye mamlaka yanayotoka kwenye Katiba yenyewe. Lina kazi tatu: kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kumkagua Gavana na mawaziri wake wa kaunti.

Kaunti ya Kericho ina maeneo bunge sita na wadi 30. Bureti peke yake ina wadi saba: Kisiara, Tebesonik, Cheboin, Chemosot, Litein, Cheplanget na Kapkatet. Kila wadi huchagua MCA mmoja. Kisha wengine huteuliwa na vyama kulingana na viti vilivyoshinda, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na ili vijana na watu wenye ulemavu wapate sauti. Mjumbe aliyeteuliwa ana kura sawa na aliyechaguliwa pale Bungeni. Mtu mwenye ulemavu hapa Roret ana haki ya kumwendea mjumbe wa kuteuliwa na kumpa kazi, hata kama jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Jambo moja lieleweke. MCA hana mamlaka ya kujenga barabara kwa mkono wake. Anapitisha fedha na kuuliza zilivyotumika. Anayepima kazi ya MCA kwa harambee alizochangia na matanga aliyohudhuria anampima kwa kipimo kisicho cha ofisi ile. Maswali yanayofaa ni haya: alisema nini wakati bajeti ilipojadiliwa? Alileta hoja gani? Alihudhuria vikao? Katiba inasema mjumbe akikosa vikao vinane bila idhini ya maandishi ya Spika, na bila maelezo ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti.

Kutoka kura tatu hadi kura moja

Haki hii haikuwapo tangu zamani. Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, yaani Legco, kwa mara ya kwanza Machi 1957. Hata hivyo, kura hazikuwa sawa. Mwenye elimu, kipato au mali aliweza kupewa hadi kura tatu, na wengi hawakupewa hata moja. Mwaka uliofuata, 1958, viti vya Waafrika viliongezwa, na mmoja wa walioingia ni Taita arap Towett, mwana wa nchi hii ya Kipsigis, aliyekuja kuwa waziri baada ya uhuru.

Wazee pia wanakumbuka mwaka 1988, kura ya mchujo ilipopigwa kwa mlolongo. Wapiga kura walijipanga nyuma ya wakala au picha ya mwaniaji, mbele ya macho ya chifu na ya majirani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Wengi walijipanga pale walipoogopa kutojipanga. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992. Kura ya leo ni ya siri, na ya mchuma majani ina uzito uleule wa kura ya mwenye shamba. Mtu anayemwambia jirani yake kwamba atajua alivyopiga kura anamdanganya.

Mstari wa mpaka

Usawa wa kura unategemea pia mpaka. Wilaya ya Bureti ilipokuwapo ilikuwa na maeneo bunge mawili, Bureti na Konoin. Katiba ya 2010 ilizijenga kaunti 47 juu ya wilaya zilizokuwapo mwaka 1992. Bureti likabaki Kericho, na Konoin likawa la Kaunti ya Bomet. Majirani wanaochuma chai ileile, wenye lugha moja na ukoo mmoja, sasa wana magavana wawili na mabunge mawili. Mkazi wa upande huu hawezi kumuuliza MCA wa upande ule, hata kama zahanati iliyo karibu naye iko kule.

Mipaka ya sasa ilichorwa mwaka 2012, maeneo bunge yalipoongezwa nchini kutoka 210 hadi 290. Kericho ilikuwa na manne ikapata sita: Kipkelion iligawanywa Mashariki na Magharibi, na Sigowet/Soin likaundwa. Kwa sensa ya 2019, wastani wa kitaifa ni watu wapatao 164,000 kwa eneo bunge, na wa Kericho ni wapatao 150,000. Kwa upande wa wadi, wastani wa kaunti hii ni watu wapatao 30,000 kwa MCA mmoja. Katiba inaruhusu eneo bunge la mashambani kuzidi au kupungua kwa asilimia 30 ya wastani wa kitaifa, na si zaidi.

Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kikomo cha miaka 12 kilifika Machi 2024. Wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haikuwa na makamishna. Viti hivyo vilikuwa wazi tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, walipoapishwa makamishna wapya chini ya mwenyekiti Erastus Edung Ethekon. Kazi ya mipaka ikifika mashinani, wakazi watatakiwa kutoa maoni. Tume huangalia idadi ya watu, milima na mito, miji, njia za usafiri, na uhusiano wa jamii. Idadi ya 290 imeandikwa kwenye Katiba, kwa hivyo anayeahidi eneo bunge jipya anaahidi kubadilisha Katiba. Kusogeza mpaka ili kijiji kiwe karibu na ofisi zake ni jambo linalowezekana, na maoni ya wakazi yana nafasi hapo.

Kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Tarehe hizi zinafaa kubandikwa ukutani, sokoni na kanisani.

Tarehe 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa Bunge la Kaunti. Hapa ndipo mradi wa mwaka unaofuata huingia au huachwa nje.

Tarehe 28 Februari: Waraka wa Sera ya Fedha ya Kaunti unafikishwa Bungeni. Unaweka kikomo cha kila idara, yaani afya itapata kiasi gani na barabara kiasi gani.

Tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafikishwa Bungeni, kisha kamati husikiliza maoni ya umma.

Tarehe 30 Juni: bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.

Angalia kwamba mlango mpana uko Septemba na Februari. Mkazi anayekuja Juni kuomba barabara mpya amefika sherehe ikiisha, pesa zimeshagawanywa. Mengi ya malalamiko kwamba Roret imesahauliwa yangepungua kama wakazi kumi wenye hoja moja wangefika kwenye kikao cha Agosti badala ya mia moja wenye hasira kufika Julai.

Kushirikisha umma si hisani ya kaunti. Ni takwa la Katiba, na mahakama zimelishikilia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ushuru ilianguka kwa kosa hilo moja.

Ombi lililoandikwa

Mkazi asiyeweza kufika kwenye kikao anaweza kuandika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Inampa pia haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na inaitaka kaunti ijibu bila kukawia.

Ombi zuri ni fupi. Linataja mahali, kwa mfano kipande cha barabara kutoka banda fulani la majani hadi daraja fulani. Linaeleza madhara: ni wakulima wangapi wanaoitumia, ni siku ngapi lori lilishindwa kupita. Linaeleza kinachotakiwa, na linasema kama wenye ombi walishawahi kuandika mahali pengine wakajibiwa nini. Kisha waombaji wanaweka majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kwenye baraza la chifu husahaulika watu wakishatawanyika, lakini barua yenye muhuri inaweza kuulizwa hata mwaka unaofuata na MCA mwingine.

Daftari la wapiga kura

Yote haya yanaanzia kwenye daftari. Aliyefikisha miaka 18 na mwenye kitambulisho anaweza kujiandikisha. IEBC ilirejesha usajili endelevu tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi za maeneo bunge. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, na takribani asilimia 65 walifika kituoni. Zaidi ya mmoja kati ya kila watatu hakufika.

Katika nchi ya chai kuna tatizo la pekee. Vijana na wazazi wengi huishi kambi za mashamba makubwa au mijini kwa kazi, ilhali wamejiandikisha nyumbani. Sheria humruhusu mtu kupiga kura mahali jina lake lilipo tu. Asiyepata ruhusa ya kusafiri siku ile hupoteza kura zote sita. Anayejua kwamba mwaka 2027 atakuwa akiishi mahali pengine aombe kuhamishiwa kituo kipya mapema, kwa kuwa usajili na uhamisho husimama kabla ya uchaguzi. Aamue kwa kujiuliza zahanati anayotibiwa ni ipi, na barabara anayopita ni ipi. Huko ndiko anakohitaji mwakilishi.

Kiti kinapobaki wazi

Wakati mwingine mwakilishi huondoka kabla ya muhula kuisha. Mwezi wa Juni 2008 nchi hii iliomboleza Kipkalya Kones, Mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik, waliofariki katika ajali ya ndege. Uchaguzi mdogo wa Septemba 25 mwaka huo uliwapeleka Bungeni Beatrice Kones na Joyce Laboso. Joyce Laboso baadaye akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, kisha Gavana wa Bomet mwaka 2017. Hapa Kericho, Seneta Charles Keter alipoteuliwa waziri, wapiga kura walirudi vituoni tarehe 7 Machi 2016, na Aaron Cheruiyot akachaguliwa.

Uchaguzi mdogo huwa hauna shamrashamra na wapiga kura hupungua, lakini mamlaka ya anayechaguliwa ni yaleyale. Na mkazi asiyeridhika na matokeo ya kiti cha MCA ana njia ya sheria: kesi hufunguliwa mbele ya hakimu ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, na huamuliwa ndani ya miezi sita. Mawe barabarani hayajawahi kubadilisha fomu ya matokeo.

Kazi ya kila nyumba

Kabla ya kuondoka hapa, kila nyumba inaweza kujipa kazi tatu. Kwanza, ijulikane ni nani katika nyumba ana miaka 18 na hajajiandikisha, na nani jina lake liko mahali ambapo hataweza kufika. Pili, achaguliwe mtu mmoja kwa kila kijiji wa kufuatilia tarehe nne za bajeti na kuwaeleza wengine. Tatu, tatizo kubwa zaidi la kijiji liandikwe kwenye karatasi moja, litiwe sahihi, na lifikishwe kwa msimamizi wa wadi na kwa MCA kabla ya Agosti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Barabara ya Roret, dawa za Roret na maji ya Roret zitajadiliwa tena mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, wakazi wakiwapo au wasipokuwapo.